Shamba Limepimwa, Lakini Limepimwa Nini?

Mwulize mzee yeyote wa kwetu kama shamba lake limepimwa. Atakujibu papo hapo, "Limepimwa zamani!" na usipojihadhari atakutembeza kutoka jiwe moja la mpaka hadi jingine, kisha aingie ndani akutolee hati ya shamba iliyofungwa ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na kitambulisho cha marehemu baba yake. Kwetu sisi, kupima ni mambo ya mpaka. Mpima ardhi huja na chombo chake cha miguu mitatu, majirani hujipanga kando kama watazamaji wa kandanda, watu hugombana kidogo, halafu yamekwisha. Hakuna anayeuliza kama shamba lenyewe litakaa pale lilipo.

Hata mimi sikuwa nimeuliza. Nilianza kuuliza mwezi wa Desemba mwaka jana kwa sababu ya kaka yangu na nyumba anayotaka kumjengea mama. Hayo niliyoyapata ndiyo nimeamua kuyaandika katika jarida letu badala ya shairi. (Mhariri hatakasirika. Mashairi yangu anayajua.)

Nyumbani ni kwenye mitelemko ya mashariki ya milima ya Nyandarua, mahali ambapo barabara hupanda na kushuka na majani chai yamefunika kila upande. Wanafunzi wengi wa shule hii wanapajua, maana nao huteremka kutoka huko kwa miguu kila asubuhi. Ardhi tambarare ni haba. Ukipata mahali pa kufunga ng'ombe wawili bila mmoja kumwangukia mwenzake, umebahatika. Basi mtu akitaka kujenga hufanya kama wafanyavyo wote: anaukata mlima. Huchimba upande wa juu, udongo akaumwaga upande wa chini, akapata kiwanja kilicho kama rafu ya kabati. Nyumba inasimama hapo, na nyuma yake kuna ukuta wa udongo mwekundu uliopita paa.

Kaka ni fundi wa magari mjini Thika. Kwa miaka minne amekuwa akiweka akiba. Desemba akaleta mawe lori mbili, pamoja na mchanga na kokoto, akapatana na fundi wa ujenzi, na kazi ya kukata mlima nyuma ya jiko la nyanya ikaanza. Siku ya tatu nyanya akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Hapo mnapochimba palishatembea."

Watu wakacheka. Fundi akamwambia kwa heshima, "Nyanya, huu ni udongo wa chai, unashika kama simiti. Mimi nilianza kujenga kabla huyu kijana hajazaliwa." Huyo kijana ni mimi. Nyanya hakubishana. Alitutajia tu ile mvua ya El Niño ya mwisho wa mwaka wa 1997, jinsi walivyoamka asubuhi moja wakakuta mistari sita ya majani chai imeshuka hatua kama kumi hivi, na mashina yenyewe yangali yamesimama wima kana kwamba hayajui kilichotokea. Babu alifanya nini? Aliendelea kuchuma. Chai ni chai.

Jambo hilo lilinikaa rohoni, kwa kuwa katika Jiografia mwaka huu tumesoma juu ya kusogea na kuporomoka kwa udongo. Darasani tulilisoma kwa Kiingereza, tukachora mchoro wenye mishale, tukafanya mtihani na kusahau. Sasa mchoro ule ulikuwa nyuma ya jiko letu. Nilimwendea mwalimu wa Jiografia nikamweleza, naye akaniuliza swali moja: "Mti wowote hapo umepinda chini ya shina?" Nikakumbuka mparachichi ambao tumekuwa tukiukalia tangu utotoni, kwa sababu shina lake limelala kwanza kama kiti, halafu ndipo likainuka kwenda juu. Kumbe hicho kiti chetu kilitengenezwa na mlima. Udongo unapoteremka polepole mwaka hadi mwaka huusukuma mti, nao mti hujitahidi kurudi wima kwa kutafuta jua.

Acha nieleze kwa kifupi jinsi mlima unavyoanguka, maana bila hilo, sheria nitakazozitaja baadaye zitaonekana kama maneno ya ofisini tu. Udongo wetu mwekundu umetokana na miamba ya volkano ya kale iliyooza kwa muda mrefu sana, na kwa hiyo ni mnene. Unaweza kuchimba mita nyingi usiguse mwamba. Ukiwa mkavu, fundi alisema kweli, unashika. Lakini mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji hujaa katika vijitundu vya udongo, hukandamiza chembe ziachane, na wakati huohuo uzito wote huongezeka. Pale chini udongo unapokutana na tabaka gumu zaidi lisilopitisha maji, maji husimama na kufanya utelezi. Mzigo umekuwa mzito, na breki zimelegea.

Sasa binadamu anaingia. Umewahi kumwona mama anayeuza maharagwe sokoni? Akichota kutoka chini ya rundo, ya juu yote huteremka. Kukata mlima upate kiwanja ni kuchota kutoka chini ya rundo. Kuumwaga ule udongo ukingoni na kuweka juu yake nyumba ya mawe ni kuongeza mzigo. Na kuacha maji ya paa yadondoke hapohapo, pamoja na shimo la choo na maji ya kuogea, ni kuutia mlima maji hata wakati wa kiangazi. Sisi tulikuwa tumepanga kufanya yote matatu.

Haya si mambo ya kutishana. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, milima ya Pokot Magharibi iliporomoka baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Huko Chesongoch, katika Marakwet Mashariki, maporomoko yaliua watu mwezi wa Aprili 2020, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 yakarudi sehemu hizohizo na kuua zaidi ya watu 20. Lori la kaka lenye mawe lilifika kwetu mwezi mmoja tu baada ya habari hizo. Tulizisikiliza redioni tukisikitika, tukasema "pole zao," kisha tukatoka nje kuchagua mahali pa kuchimba.

Wala mtu wa tambarare asidhani yeye yuko salama. Mwezi wa Machi 2018, karibu na Suswa, ardhi ilipasuka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Dunia nzima ikasema ati Afrika inagawanyika mara mbili. Wanajiolojia wengi walioeleza jambo hilo walisema kuwa sehemu hiyo ina jivu jepesi la volkano lililojaza nyufa za zamani, na maji ya mvua yaliposhuka chini yalilichukua jivu hilo likabaki tupu, juu pakadidimia. Barabara ilikuwa imepita juu ya shimo ambalo halikuonekana. Ardhi ya huko haikuwa na mteremko wa kutisha hata kidogo.

Je, sheria inasema nini juu ya kupima hatari hizi kabla ya kujenga? Nilidhani jibu litakuwa refu la kunichosha. Kwa kweli nilichoka, lakini nilipata mambo mawili matatu ambayo sikuyatarajia.

La kwanza ni kwamba huwezi kujenga popote katika kaunti bila kibali cha kaunti. Hilo limo katika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019. Si mjini peke yake kama watu wa kwetu wanavyodhani. Hata shambani kwako penye hati yako. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au yote mawili. Nilipomsomea kaka sehemu hiyo alinyamaza, kwa kuwa shimo lilikuwa tayari limechimbwa na kibali hatukuwa nacho. Yeye alijua kibali ni cha ghorofa.

Katika sheria hiyohiyo kuna kifungu nilichokisoma mara mbili. Ukituma maombi yako na siku 60 zikapita bila jibu la maandishi, inahesabiwa kuwa umepewa kibali. Naelewa sababu yake. Ni kumlinda mwananchi asisubiri ofisi miaka na mikaka. Lakini fikiria ploti iliyo kwenye mteremko mkali: karatasi inakaa mezani, siku zinakwisha, na mwenye ploti anaanza kuchimba kwa haki kabisa ingawa hakuna mtu aliyeenda kuutazama mlima wake. Sheria imempa kibali, sawa, lakini mlima haukuwa kwenye hesabu ya hizo siku.

La pili ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999. Hii ndiyo iliyoleta ile halmashauri ya mazingira tunayoiita NEMA, na ndiyo inayodai miradi iliyoorodheshwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Hapo ndipo barabara kuu, mabwawa, machimbo na mitaa ya nyumba nyingi hukamatwa. Mwenye mradi hawezi kusema tu "mahali ni pazuri"; ni lazima mtaalamu aandike mradi utafanya nini kwa udongo, kwa maji na kwa watu.

Lakini kilichonifanya niite watu waje wasome ni kifungu cha 45. Kinasema kwamba kila Kamati ya Mazingira ya Kaunti itatambua sehemu za milima zilizo hatarini. Halafu kinaeleza sehemu hiyo ijulikane vipi: kama inamomonyoka udongo kwa urahisi, kama miti na majani vinaondolewa kuliko vinavyorudishwa, na, nanukuu maana si maneno, kama maporomoko ya ardhi yamewahi kutokea hapo. Sehemu hizo huandikwa katika daftari maalumu la halmashauri. Yaani sheria ya nchi inauliza swali lilelile alilolijibu nyanya akiwa na mwiko mkononi. Palishatembea? Basi pako hatarini, pasichezewe kabla ya kuchunguzwa.

Ila pana pengo, na nalisema wazi. Nyumba moja ya familia, vyumba vitatu na jiko, haiko pamoja na ile miradi mikubwa. Hakuna mstari nilioupata unaosema kwamba kila mtu mwenye ploti ya mlimani lazima alete ripoti ya mwanajiolojia. Tulipoenda na kaka katika ofisi ya mipango, afisa aliyetupokea alitueleza vizuri bila haraka. Alisema yeye akiona ramani ina mteremko mkali anaweza kumwagiza mwombaji alete ripoti ya udongo kabla ya kumwidhinishia. "Lakini ramani nyingi zinazoletwa hapa," akasema, "mlima hauko. Wanachora nyumba kwenye karatasi, na karatasi siku zote ni tambarare." Maneno hayo niliyaandika nyuma ya daftari langu la Hisabati.

Nikaenda nyumbani nikachora mlima wetu. Ili uuchore ni lazima kwanza ujue unavyoinama, na hili kila mwanafunzi anaweza kulifanya. Nilichukua ubao ulionyooka wa mita 2, nikaazima pimamaji ya fundi (aliniuliza ya nini, nikasema ya masomo, na huo haukuwa uongo). Unaweka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu, unaushika ukae sawa kwa pimamaji, halafu unapima kutoka ncha ya pili hadi chini. Mimi nilipata sentimita 92. Gawanya 92 kwa 200, zidisha kwa 100, unapata asilimia 46. Nikapima mahali pengine pawili nikapata 41 na 50. Mtu asichanganye asilimia na digrii kama nilivyofanya mimi mwanzoni. Asilimia 46 ni karibu digrii 25.

Je, 46 ni nyingi? Mwalimu wa Kilimo alinipa kipimo cha kulinganisha. Kanuni za kilimo za mwaka wa 1965 zilikataza kulima ardhi yenye mteremko uliozidi asilimia 35, na kati ya asilimia 12 na 35 zilidai mkulima azuie udongo, kwa mfano kwa matuta. Sheria ya kilimo iliyozaa kanuni hizo imekwisha kubadilishwa, lakini mwalimu bado anakitumia kipimo hicho. Basi tazama ajabu hii: mahali ambapo kanuni za zamani zisingetaka mtu apande hata mahindi, sisi tulitaka kupanda nyumba ya mawe na mama ndani yake.

Tulipofika hapo kaka akakubali kumtafuta mtaalamu. Si kila anayesema anaujua udongo ni mwanajiolojia. Tangu mwaka wa 1993 Kenya ina sheria ya kuwasajili, na unaweza kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake kabla ya kumlipa. Malipo yalizidi bei ya lori moja la mawe lakini hayakufika ya lori mbili. Kaka alilalamika siku mbili. Mimi nilimwambia ahesabu kwamba lori la tatu la mawe limekuja na kuondoka.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada mmoja kijana mwenye buti na kofia. Kilichonishangaza ni kwamba hakuanzia kwenye shimo letu. Alipanda juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, akatembea akitazama chini, kisha akateremka hadi kijito. Alikuwa akitafuta nyufa zenye umbo la mwezi mchanga, nguzo za ua zilizoinama, mahali penye matumbo kama zulia lililosukumwa, na majani mabichi kupita kiasi yanayoonyesha kuna maji. Alimsikiliza nyanya karibu saa nzima kuliko alivyotusikiliza sisi wote. Akamwuliza chemchemi ya chini ilianza lini. Nyanya akasema, "Baada ya ile mvua." Dada akaandika.

Halafu yakachimbwa mashimo mawili ya kupimia. Katika lile la chini, karibu mita mbili na nusu, udongo mwekundu uliisha pakawa na tabaka la kijivu lenye utelezi kama sabuni ya kipande iliyosahauliwa majini. Alichukua udongo katika mifuko akaupeleka kupimwa katika maabara. Alinifafanulia hesabu inayofanywa huko: nguvu zinazoushikilia mlima hugawanywa kwa nguvu zinazouvuta chini. Jibu likiwa 1, mlima uko ukingoni, unangoja sababu tu. Kwa mteremko wa kudumu wenye nyumba, wahandisi wengi hutaka jibu lisipungue 1.5. Na hesabu hiyo hufanywa mlima ukiwa mkavu, kisha hurudiwa ukiwa umelowa, kisha ukiwa umekatwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini inasemwa tathmini ifanywe kabla ya kujenga. Ukishakata, unaupima mlima mwingine, si ule uliokuwa nao.

Kuna mahali ambapo jambo hili lilichukuliwa kwa uzito baada ya msiba, nami nitalitaja kwa sababu mwalimu alinipa kitabu na niliona mfano wake unatufaa. Hong Kong ni mji wa milima na nyumba zimesongamana. Tarehe 18 Juni 1972, baada ya siku kadhaa za mvua kubwa, maporomoko mawili siku hiyohiyo, Sau Mau Ping na barabara ya Po Shan, yaliua watu 138. Moja lilitokea kwenye udongo uliomwagwa na watu wenyewe, sawasawa na ule tunaoumwaga sisi ukingoni. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1977, serikali ya huko iliunda ofisi ya kushughulikia miteremko tu. Michoro ya kukata mlima lazima ipite mikononi mwa wahandisi wa ofisi hiyo kabla ya jembe kugusa ardhi. Leo miteremko yao iliyotengenezwa na binadamu, takriban 60,000, imeandikwa katika orodha, kila mmoja una nambari yake na ajulikane ni nani wa kuutunza. Sisi tuna nambari za mashamba na za magari. Mteremko wenye nambari bado sijauona.

Turudi nyumbani. Ripoti ilisema tusijenge pale tulipochimba. Ilisema shimo lijazwe kwa tabaka zilizoshindiliwa, mfereji uchimbwe upande wa juu kuyageuza maji, majani yapandwe, na jiko la nyanya litolewe mtaro wa kupeleka maji ya paa mbali. Nyumba inaweza kukaa juu, kwenye mgongo wa mlima karibu na barabara, ambako udongo mgumu uko karibu na mteremko ni asilimia 9.

Shida ni kwamba ule mgongo ni sehemu ya baba mdogo. Limepimwa, si unaona? Mawe ya mpaka yako pale, na babu alipogawa ardhi aliigawa kwa kamba bila kuangalia chini kuna nini. Baba mdogo alipata juu, baba yangu akapata mteremko, na wakati huo ilionekana haki kwa sababu eka ni sawa. Baba alipofariki mteremko ukabaki kwa mama. Jumapili tatu zimepita wazee wakikaa. Baba mdogo si mtu mbaya. Anasema, na ana haki ya kusema, kwamba naye ana wana wanaotaka kujenga hapohapo juu. Kaka amependekeza kubadilishana, robo eka ya juu kwa nusu eka ya chai ya chini. Mara ya mwisho baba mdogo aliomba apewe nakala ya ripoti akaisome mwenyewe. Nimemwandikia muhtasari kwa Kiswahili, kurasa mbili, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko insha zote nilizoandika tangu Kidato cha Kwanza. Jaribu wewe kuieleza ile hesabu ya 1.5 kwa mtu ambaye anahofia utamnyang'anya ardhi.

Kuna methali ambayo sisi sote tumeiandika katika insha zetu mpaka walimu wamechoka kuisahihisha: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nakiri nimeitumia zaidi ya mara kumi. Lakini aliyeitunga bila shaka alikuwa akifikiria ufa wa ukutani. Ufa ukiwa ardhini, juu ya mteremko, usiuzibe kwa matope ukajidanganya. Maji yataupata tu. Utie alama kwa vijiti viwili, kimoja huku na kimoja kule, upime nafasi kati yao kila wiki, na ikiongezeka hamisha watu kwanza. Kadhalika mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukianza kukwama bila kuvimba kwa mvua, au chemchemi mpya ikitokea mahali pakavu, au maji ya kijito yakichafuka ghafla yakapungua ilhali mvua inanyesha, hayo si mambo ya kungoja kesho. Dada yule alinisisitizia hilo la kijito kuliko yote.

Mvua ya Aprili ilipokuja, shimo letu lilikuwa limejazwa nusu tu kwa sababu pesa zilikwisha. Usiku mmoja kipande cha ukingo kilianguka, kiasi cha mikokoteni mitatu ya udongo. Hakuna aliyeumia, na ukikitazama hakishangazi. Barabarani huku tunaona vikubwa kuliko hicho kila mwaka. Nilichukua mchoro wa nyumba ambao kaka aliuleta Desemba nikaulinganisha. Kilianguka juu ya chumba cha mama, upande wa dirisha.

Fundi alikuja kutazama. Alikaa kimya, akaokota tope la kijivu akalisugua kati ya vidole, akasema, "Hii sikuiona." Sasa yeye ndiye anayesaidia kujaza shimo, na wiki iliyopita aliniazima pimamaji tena bila kuuliza ni ya nini. Mawe ya kaka yangali kando ya njia, yameanza kuota majani.

Mwanachama yeyote anayetaka kupima kwao, ubao wangu wa mita 2 uko nyuma ya mlango wa darasa letu. Aje auchukue Ijumaa na kuurudisha Jumatatu. Pimamaji atafute mwenyewe.